Tunakutana na mbunge kabla ya Bunge la bajeti: swali la zahanati na polisi tuliandikeje lisikwepeke?

Somoe wa Uwandani

Wana jukwaa, salamu. Wakubwa zangu shikamooni.

Niko Uwanda wa Makonde, mkoa wa Mtwara. Jimbo na kata sitataja, kwa sababu watu ninaowasema humu ni majirani zangu na wengine bado wananihudumia. Ni mkulima wa korosho na ni mjumbe wa serikali ya kijiji.

Mkutano uliopita mbunge wetu alisimama kipindi cha maswali, tukawa tumekusanyika kwenye ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika, tunamsikiliza redioni. Akauliza Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya na kuimarisha ulinzi jimboni. Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa huduma hizo na itaendelea kuziboresha kadri fedha zitakavyopatikana. Wakapita swali linalofuata. Wazee waliokuwa pale wakanyanyuka mmoja mmoja wakaenda zao, hakuna aliyesema neno.

Simlaumu mbunge kwa kunyamaza, maana hakunyamaza. Ila swali lile lingeweza kuulizwa Kagera, likaulizwa Katavi, na jibu likawa lile lile. Ndani yake hamkuwa na zahanati yetu.

Zahanati yenyewe tuliijenga sisi. Misimu ya korosho tulikatwa kwa kila kilo iliyopita ghalani, wanawake tukasomba mchanga na maji kichwani, na huku uwandani anayejua bei ya ndoo ya maji wakati wa kiangazi anajua hapo nasema nini. Boma likasimama hadi kwenye lenta, halmashauri ikaja kumalizia, likafunguliwa kwa ngoma. Leo lina muuguzi mmoja. Siku akienda kuchukua mshahara au akiugua, mlango una kufuli.

Wifi yangu alishikwa na uchungu usiku, tukampeleka. Betri ya sola ilikuwa imekufa zamani. Yule muuguzi aliwasha tochi ya simu yake, akaing'ata kwa meno ili mikono yote miwili iwe kazini, na akawa anatoa maelekezo kwa kuguna kwa sababu hawezi kufungua mdomo. Nilipotaka kumshikia simu akanionyesha kwa kichwa nimshike wifi mabega, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika. Mtoto akatoka, lakini damu haikukata. Tukapiga 115 ya m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Gari lilipangwa, ila lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine, na barabara yetu ni mchanga wa kuzamisha tairi. Mungu alisaidia, mama na mtoto wapo hai. Asubuhi yake nilimkuta muuguzi anafua mashuka mwenyewe, foleni ya kliniki ya watoto ikimsubiri nje. Simchukii hata kidogo. Nawachukia waliomwacha peke yake.

Upande wa polisi ni hivi. Msimu wa korosho wezi wanatembea na gunia moja moja. Jirani aliibiwa barazani, akaenda kituoni, akaambiwa pikipiki ipo ila haina mafuta, achangie. Alichanga. Baadaye watu wenye hasira wakamkamata kijana mmoja, wakampiga vibaya kabla hajahojiwa na yeyote. Mama yake alipofuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ili mwanawe atibiwe, akaambiwa karatasi zimeisha, akatoe nakala kwa hela yake. Na kijana mwingine aliyetajwa kwenye kesi hiyo hiyo alilala mahabusu kuanzia Ijumaa hadi wiki iliyofuata ikiwa katikati, bila mahakama wala dhamana. Mwishowe aliachiwa bila shitaka. Hakuna aliyemwambia pole.

Sasa mbunge anakuja kuonana na viongozi wa vijiji kabla ya Bunge la bajeti, na mwenyekiti amenipa kazi ya kuandika hoja zetu. Naomba mnaojua mambo ya Dodoma mnisaidie: swali liandikweje ili Waziri alazimike kusema jambo linaloshikika? Na tumpe mbunge nini mkononi?

Katibu wa zamani, Lindi

Marahaba, mwanangu Somoe. Poleni sana na wifi yako.

Nimefanya kazi ofisi ya mbunge upande huu wa Lindi hadi nilipostaafu, na kuandika maswali ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Nitakueleza swali linavyosafiri, maana ukilijua hilo utajua pa kulikabia.

Swali la msingi haliulizwi kwa ghafla. Mbunge analiandika, linakwenda ofisi ya Katibu wa Bunge, linapangiwa wizara na siku. Wizara ikilipokea inawauliza walio chini. Kwa zahanati yenu, watu wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, watapiga simu au kuandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yenu, naye atamgeukia mganga mkuu wa wilaya. Kwa hiyo lile jibu mlilolisikia redioni lilianzia kwenye meza ya wilaya yenu wenyewe. Kama taarifa iliyopo wilayani inasema zahanati imekamilika na inatoa huduma, Naibu Waziri atasimama Dodoma aseme hivyo hivyo, na atakuwa amesoma sawasawa alichopewa. Watu wengi wanagombana na Waziri wakati karatasi imetoka nyumba ya pili.

Basi kazi ya kwanza ni kujua wilaya imeandika nini kuhusu zahanati yenu. Diwani anaweza kuuliza kwenye Baraza la Madiwani, na mbunge ni mjumbe wa baraza hilo, anaweza kuuliza palepale. Vilevile kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: kijiji kikiandika barua kuomba taarifa, ofisi ina siku 30 za kujibu. Andikeni mapema, mtunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, ule mhuri nao ni ushahidi, na mbunge atausema.

La pili, msichanganye wizara. Swali lenu lilikuwa na afya na ulinzi pamoja, ndiyo maana likajibiwa kwa maneno ya jumla. Zahanati na vituo vya afya vipo TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Ligula huko kwenu na Sokoine kwetu, na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ni Wizara ya Afya. Polisi ni Mambo ya Ndani. Maji ya vijijini RUWASA, chini ya Wizara ya Maji. Barabara yenu ya mchanga ni TARURA, ambayo inarudi TAMISEMI. Ile kuu inayotoka Mtwara kupita Newala hadi Masasi ni TANROADS, Wizara ya Ujenzi. Ukimuuliza Waziri jambo ambalo nusu yake liko kwa mwenzake, umempa mlango wa nyuma.

La tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Usiulize mpango. Serikali haijawahi kukosa mpango. Uliza jambo moja la mahali pamoja, lenye jina na idadi, halafu uliza lini.

Na mbunge asimalize risasi zote kwenye swali la msingi. Akishajibiwa ana haki ya maswali mawili ya nyongeza, na hayo Waziri hajaandikiwa jibu lake kwa uhakika. Hapo ndipo mbunge mwenye karatasi mkononi anapotofautiana na mbunge mwenye sauti kubwa. Naibu Waziri akisema watumishi watapelekwa kadri vibali vya ajira vitakavyotoka, mbunge anainuka: katika watumishi wa afya waliopangwa wilaya hii mwaka huu, wangapi wamefika, na kwa nini zahanati hii haikupata hata mmoja? Hilo halijibiki kwa "tunatambua". Atalazimika kusema, au aahidi kulifuatilia, na ahadi hiyo inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mwaka unaofuata mnaikata hiyo kurasa mnampelekea.

Katiba, ibara ya 63, inalipa Bunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini yake. Haki hiyo ni yenu. Mbunge anaibeba tu.

Kijana wa Chuno

Mzee wangu shikamoo, nimekusoma kwa heshima. Lakini naomba niseme kwa uchungu nilionao.

Mimi ni mtu wa Mtwara mjini. Tarehe 22 Mei 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji huu uliwaka kwa kupinga bomba la gesi. Nilikuwa mwanafunzi. Niliona askari wakiingia mtaani, niliona watu wakikimbilia porini na watoto mgongoni. Kabla ya hapo maswali ya gesi yalikuwa yameulizwa sana, bungeni na mitaani. Bomba likajengwa likafika Dar es Salaam.

Juni 2018 wabunge wa Kusini wakasimama wote, bila kujali vyama, kuhusu asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, fedha iliyokuwa ya kuendeleza zao lenyewe. Walipambana tukawaona kwenye televisheni, hakuna wa kusema hawakujiandaa. Sheria ya Fedha ikapita, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Novemba mwaka huo huo soko likavurugika mpaka jeshi likaja kubeba korosho kwa bei ya Serikali ya shilingi 3,300 kwa kilo.

Kwa hiyo dada Somoe akiandika swali lake zuri, lenye jina na idadi, ni nini kitamzuia Waziri kusoma karatasi yake na kukaa? Sitaki kumkatisha tamaa. Nauliza kwa kuwa tumeshaumia.

Somoe wa Uwandani

Kaka wa Chuno, pole. Mwaka ule mjomba wangu alikuwa huko mjini, najua unachokisema.

Lakini gesi na ushuru wa korosho ni mabilioni, ni mambo ambayo Serikali nzima ilikuwa imekwishaamua. Mimi naomba mkunga wa pili. Sidhani kama kuna mtu Dodoma aliyeamua kwamba kijiji chetu kisipate mkunga. Nadhani hakuna aliyewahi kutuona kwenye orodha. Nataka tuonekane. Wakishatuona wakakataa, nitarudi hapa nikae upande wako.

Muuguzi, Kilwa

Dada Somoe, nimesoma habari ya tochi ya simu nikasimama kwanza, nikatoka nje. Nimewahi kuishi hivyo. Mfikishie huyo mwenzangu salamu.

Naongea kama mtu wa ndani. Betri ya sola msiipeleke bungeni. Zahanati ina akaunti yake benki. Tangu mwaka 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakuja moja kwa moja kituoni, hazipitii tena kukaa halmashauri. Anayeidhinisha matumizi ni kamati ya usimamizi wa kituo, na ndani ya kamati hiyo wamo wanakijiji. Waiteni wakutane, waangalie salio na mpango wa mwaka, waone kama betri imo. Kama haimo waiingize wakati wa kupanga. Kama imo na haikununuliwa, muulizeni mwenyekiti wa kamati, na huyo mnakunywa naye maji ya kisima kimoja. Mbunge akipoteza swali kwa betri, Naibu Waziri atamwambia fedha zipo kituoni, na atakuwa sahihi, na mtaonekana hamjui mambo yenu.

Mkunga wa pili ndiye wa kumpeleka Dodoma. Lakini nakuomba uongeze jambo ambalo watu hulisahau: nyumba. Muuguzi wenu analala wapi? Mimi nilipopangiwa kituo changu cha kwanza nililala chumba cha kliniki, nikatandika godoro chini ya meza ya mizani ya watoto, mpaka mama mmoja akanihurumia akanipa chumba kwake. Niliofika nao mwaka ule waliondoka mmoja baada ya mwingine. Wilaya inaandika "alipangiwa, akaomba uhamisho", na Waziri akiulizwa anasema Serikali ilipeleka mtumishi. Ni kweli ilipeleka. Hakuwa na pa kuweka begi.

Kwa hiyo swali la watumishi liende na swali la nyumba ya watumishi. Mkiwa na eneo limeshatengwa na kijiji na matofali yameanza kufyatuliwa, mbunge aseme hivyo bungeni, kwa sababu kumalizia maboma yaliyoanzishwa na wananchi ni jambo Serikali huwa inalitengea fedha. Ukiwa na boma unaomba kumaliziwa. Ukiwa na kiwanja kitupu unaomba kuanza, na foleni yake ni ndefu zaidi.

Na tafadhali muulizeni wifi kama alinunua glovu na mpira wa kulalia. Huduma ya mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano ni bure kwa sera ya nchi hii. Kama alinunua, andikeni. Si kwa ajili ya kumshitaki muuguzi, yeye hutumia alichonacho. Ni kwa ajili ya kuonyesha bohari ya dawa ya Mtwara ilileta nini na lini, dhidi ya zahanati iliagiza nini. Kwenye fomu ya maagizo yote mawili yanaonekana.

Sajini mstaafu

Nimetumikia Jeshi la Polisi, na nimemaliza utumishi wangu mikoa hii ya Kusini. Nitasema yale ninayoyajua.

Mafuta ya kuchangiwa ni jambo baya, nami nimewahi kuwa kwenye kituo ambacho mgao wa mafuta uliisha kabla ya mwezi kufika nusu. Askari anabaki na mlalamikaji mbele yake, mwizi yuko kijiji cha pili, na chombo kimesimama. Wapo wanaotumia hali hiyo kujinufaisha, na wapo wanaotoa mfukoni mwao. Mwananchi hawezi kuwatofautisha, na hapaswi kulazimika kuwatofautisha.

Lakini mbunge asiulize kituo kina askari wangapi. Atajibiwa kwamba hayo ni masuala ya usalama, na hasa kwetu hapa jibu hilo lina uzito. Oktoba 2020 magaidi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakashambulia Kitaya. Watu wa bonde lile hawajasahau. Ukanda huu unahitaji polisi walio karibu na raia, raia akiona sura ngeni aende kituoni bila kuwaza kwamba ataombwa mafuta. Hoja ya mafuta ikiwekwa hivyo, Waziri wa Mambo ya Ndani ataisikia kwa sikio lingine, na ni kweli tupu.

PF3 haiuzwi. Ni fomu ya polisi, mwananchi hatoi hela, wala hatoi nakala. Na mtu anayevuja damu anatakiwa kutibiwa kwanza, fomu ifuate. Huyo mama aende kwa mkuu wa kituo, asiposikilizwa aende kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akiwa na tarehe na saa. Kama kuna mkaguzi wa polisi wa kata, aanze naye, hao waliwekwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu kijana aliyelala ndani: sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au adhaminiwe, ukiacha makosa makubwa kama ya kuua. Dhamana ya polisi haina bei. Kila anayeingia mahabusu anaandikwa kwenye kitabu, jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Msiseme "vijana wanawekwa ndani muda mrefu". Semeni kijana aliingia Ijumaa hii, akatoka tarehe hii, kitabu kifunguliwe. Mkubwa wa kituo akisikia kitabu kimetajwa anajua anaongea na watu wanaojua.

Mtwara tumewahi kuona mwisho mbaya wa mtu kushikiliwa bila macho ya watu. Mwaka 2022 askari wa mkoa huu walifikishwa mahakamani kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini, na Rais mwenyewe alilizungumzia hadharani. Mwaka uliofuata iliundwa Tume ya kuangalia taasisi za Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa Julai 2023. Mbunge wenu ana pa kushika hapo. Aulize mapendekezo ya Tume kuhusu polisi kukamata na kuweka watu mahabusu yametekelezwa kwa kiasi gani. Hilo swali Serikali haiwezi kulikana, kwa kuwa Tume iliunda yenyewe.

Nimevaa sare ile kwa mapenzi, ndiyo maana yananiuma.

Somoe wa Uwandani

Wazee wangu, dada yangu wa Kilwa, ahsanteni sana. Nimepitia na mwenyekiti. Leo jioni kamati ya zahanati imeitwa, na kweli betri ilikuwa kwenye mpango wa mwaka jana na haikununuliwa. Hilo tunalimaliza hapa hapa kijijini.

Wifi alinunua glovu, na mpira wa kulalia pia. Tumeandika.

Nimejaribu kuandika haya, naomba mnirekebishe.

La kwanza, kwa TAMISEMI: "Zahanati ya kijiji (jina) ilijengwa kwa makato ya korosho na nguvu za wananchi, na ina mtumishi mmoja tu wa afya. Je, ni lini Serikali itapeleka mkunga wa pili na tabibu, na ni lini itakamilisha nyumba ya watumishi ambayo wananchi wamekwisha kuanza kuijenga?" Nyumba tumeanza msingi, si uongo. Matofali yapo.

La pili, kwa Mambo ya Ndani: "Je, Serikali ina utaratibu gani wa kuhakikisha kituo cha polisi cha kata (jina), kilicho ukanda wa mpaka, kinapata mafuta ya kutosha ili mwananchi asichangie gharama za kufuatilia kesi yake, na PF3 inatolewa bila malipo?"

Nyongeza iwe ile ya Tume ya Haki Jinai.

Katibu wa zamani, Lindi

La kwanza liko vizuri. Weka idadi inayotakiwa kwa ikama, mganga mkuu wa wilaya anayo. Ukiandika mmoja bila kusema walipaswa kuwa wangapi, Waziri hataona pengo.

La pili umerudi kwenye utaratibu, na utaratibu ni mpango uliovaa kanzu. Andika hivi: "Je, ni lini Serikali itaacha kuruhusu wananchi wa kata (jina) kuchangia mafuta ya polisi, na itaongeza mgao wa kituo hicho kuanzia mwezi gani?" Ukali umo, adabu ipo. PF3 itoe humo, iwe swali la nyongeza, pamoja na Tume. Zitakuwa mbili kamili.

Na mwambieni mheshimiwa jambo moja zaidi. Maswali yakishindikana, yupo kwenye Bunge la bajeti. Fungu la TAMISEMI linakuja mapema, Aprili. Kwenye Kamati ya Matumizi anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia usipitishwe, mpaka apate maelezo. Asitishie kila mwaka, atazoeleka. Ila akiwa na barua ya kijiji yenye mhuri, picha ya msingi wa nyumba, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliosainiwa, wabunge wenzake wa Kusini watamuunga mkono, maana kila mmoja ana zahanati ya namna hiyo kwake.

Kijana wa Chuno, wewe sijakusahau. Ulisema ukweli kuhusu 2013 na 2018, nami nilikuwa nikiyaona kwa karibu. Lakini gesi ile ile inalipiwa ushuru wa huduma kwenye halmashauri inakochimbwa. Huku Kilwa watu wa Songo Songo wanajua. Haikuja kwa hisani, madiwani walikaa na makaratasi wakadai. Na ushuru wa korosho wa asilimia 3 unaingia halmashauri kila msimu. Wewe uko mjini, una intaneti nzuri. Mtafutie dada yako Hansard ya siku ile ya swali la kwanza, kurasa yenye jibu la Naibu Waziri. Ipo kwenye tovuti ya Bunge.

Kijana wa Chuno

Sawa mzee. Dada Somoe, niandikie faragha tarehe ambayo mbunge aliuliza, leo usiku naitafuta. Nitaichapa nakala tano, nitampa kondakta wa basi la asubuhi. Unaishukia stendi gani?

Somoe wa Uwandani

Nimekuandikia, kaka. Mpe kondakta aiache duka la dawa lililo karibu na stendi, mwenye duka ananifahamu.

Sajini, yule mama wa PF3 amekubali kwenda kwa mkuu wa kituo Jumatatu, nitakwenda naye. Saa na tarehe tumeziandika. Kijana aliyewekwa ndani naye anakuja, baba yake alikuwa anaogopa lakini tumeongea naye.

Dada wa Kilwa, muuguzi wetu amesoma ulichoandika. Anauliza hiyo fomu ya maagizo ya dawa, nakala anayobaki nayo kituoni inatosha, au tuombe na ya wilayani?

Muuguzi, Kilwa

Ya kituoni inatosha, ila ahakikishe ina sahihi ya aliyepokea na kiasi kilichopokelewa. Atoe nakala ya miezi sita iliyopita. Asitoe original kwa mtu yeyote, hata kwa mbunge.